Ukali wa muthiga ulivyofuatwa maabara

Kata kipande cha gome la muthiga, kidogo kama ukucha, ukitafune. Kwanza utasikia uchungu wa kawaida. Baada ya muda ukali unapanda ulimini, mkali kuliko pilipili manga, unashuka hadi kooni na kukaa huko. Wakalenjin huuita mti huu sogoet; jina lake la kisayansi ni Warburgia ugandensis. Gome lake hutafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya kikohozi, jino na tumbo.

Miaka ya 1970, Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walilichunguza gome hili wakishirikiana na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970. Waliokuwa wakiwindwa ni viwavijeshi. Vipande vya jani vikapakwa dondoo la gome, vingine vikaachwa bila kitu, viwavi wakaachiwa wachague. Dondoo likagawanywa mafungu, kila fungu likarudishwa kwa viwavi, na lile walilolikataa likagawanywa tena, mpaka zikabaki kemikali zilizo peke yake: poligodiali, warburganali na muzigadiali, hii ya mwisho ikibeba jina la mti wenyewe.

Lililonivutia zaidi lilikuja baadaye. Kubo alionyesha kwamba ukali wa ulimini na nguvu ya kumzuia mdudu huenda pamoja. Geuza upande wa kundi moja tu la atomi, liitwalo aldehaidi, kwenye poligodiali, ukali unatoweka, na kiwavi anakula jani lake bila wasiwasi. Kwenye hamira, ambayo ni kuvu, warburganali iliua. Ilipoongezwa sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, nguvu yake ikakatika. Maana yake kemikali hizi hunasa protini za seli hai. Hapo ndipo penye hatari pia, kwa sababu kinachonasa protini za kuvu kinaweza kunasa za mgonjwa.

Ndiyo maana siridhiki na ripoti ya gome la dawa inayoishia kwenye duara tupu, lisiloota bakteria, lililozunguka karatasi iliyolowekwa dondoo, katikati ya sahani ya bakteria. Dondoo lenye mafuta husambaa kwa shida kwenye agari, jeli iliyomo sahanini, kwa hiyo upana wa duara peke yake hausemi dondoo lipi lina nguvu zaidi. Nataka nijue kiasi kidogo kabisa kinachozuia vijidudu, nikione kando ya dawa inayojulikana, na seli za binadamu zikipimwa kwa kiasi hichohicho. Tena bibi huchemsha gome kwa maji, maabara huliloweka kwenye methanoli. Vinavyotoka humo si kitu kimoja.

Na gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hukauka. Afrika Kusini, watafiti walipima majani ya ndugu yake, Warburgia salutaris, kuona kama yanafaa badala ya gome, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Ningependa kila maabara inayoagiza gunia la magome ianze na kapu la majani.