Zabibu Inayotia Rangi

Pasua zabibu nyeusi ya kawaida, utakuta nyama yake ni nyeupe. Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye ganda. Zabibu ya Saperavi haiko hivyo. Ukiiminya, maji yake yenyewe ni mekundu, na doa lake hushika vidoleni kama la zambarau. Kwao Georgia (nchi ya milima ya Kaukasi, si lile jimbo la Marekani) jina hilo linahusu kutia rangi.

Zabibu yenye nguvu kiasi hiki ni rahisi kuiharibu, ndiyo maana nawastahi mno mafundi wa mvinyo wa Kakheti, mashariki mwa nchi hiyo. Mwezi wa Septemba au Oktoba huiponda na kuimimina, maganda na mbegu kwa pamoja, ndani ya qvevri: kasiki la udongo lenye umbo la yai, lililofukiwa ardhini hadi shingoni. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utaratibu huu katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mfinyanzi wa kasiki hilo huinua ukuta kidogo kidogo, akingoja tabaka la chini likauke kiasi cha kulibeba la juu. Akiharakisha, kazi yote huporomoka. Kasiki likishachomwa hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, lingali na joto, ili nta inywee kwenye vitundu vya udongo.

Chachu ikianza kazi, maganda hupanda juu, na fundi wa mvinyo huyasukuma chini kwa mti mrefu mara kadhaa kwa siku. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Rangi anayo tayari. Akizidisha kusukuma atakamua ukakasi mtupu. Basi huonja, akaonja tena, mpaka aijue siku ya kuacha. Kasiki nalo humsaidia: mbegu huzama kwenye ncha ya chini, maganda yakashuka na kuzifunika, na uchungu wake ukabaki hukohuko.

Umimine mvinyo huo kwenye glasi pana, uuache upumue. Ni mweusi, huoni upande wa pili. Ukionja, kwanza unakuja ukali unaojaza mate kinywani, halafu tunda lililoiva, halafu ukakasi unaoshika ufizi kama bibo. Ukiwa mchanga hukaba. Miaka kadhaa huulainisha. Wenyewe huunywa na nyama iliyochomwa kwa matawi makavu ya mzabibu, yaliyokatwa wakati wa kupogoa. Mafuta ya nyama hulegeza ule ukakasi, na tunda hurudi ulimini, tamu kuliko mwanzo.