Swali Lililorudiwa: Lugha katika Vipimo vya Fikira za Mtoto

Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi, aligawa makuzi ya fikira za mtoto katika hatua nne. Hadi miaka 2, mtoto hufikiri kwa hisi na viungo vyake. Hadi 7, hutumia lugha na ishara lakini hutawaliwa na akionacho. Hadi 11 hivi, hufuata mantiki juu ya vitu vilivyo mbele yake. Kisha, aingiapo ujanani, huweza kufikiria hata mambo ya kudhania tu. Hatukusudii hapa kuipinga nadharia yote. Tunalodai ni kwamba mara nyingi kilichopimwa si fikira peke yake, bali pia namna mtoto alivyoulizwa.

Tutazame jaribio lake mashuhuri. Mtoto huonyeshwa bilauri mbili zenye maji sawa, naye hukiri kuwa ni sawa. Maji ya bilauri moja humiminwa katika chombo chembamba, kisha swali lile lile hurudiwa. Mtoto wa miaka 5 aghalabu husema kwamba maji yamezidi. Piaget alihitimisha kwamba mtoto huyo hajatambua kuwa kiasi hakibadiliki. Lakini katika mazungumzo ya kawaida, mkubwa arudiapo swali lililokwisha kujibiwa, huashiria kwamba jibu la kwanza halikumridhisha. Mwaka 1974, Rose na Blank waliuliza mara moja tu katika jaribio la namna hii, na watoto wa miaka 6 wakakosea kwa uchache zaidi. Nao McGarrigle na Donaldson walipomfanya dubu mtukutu wa kuchezea avuruge mpangilio wa vitu, badala ya mtu mzima kuubadili kwa makusudi, wengi zaidi walijibu sawasawa.

Ushahidi wa Afrika ni mzito zaidi. Mwaka 1966 Patricia Greenfield alichapisha utafiti wake juu ya watoto Wawolof wa Senegal. Wale wasiosoma shule walipoulizwa kwa nini wanafikiri hivi au vile, walinyamaza. Walipoulizwa kwa nini jambo lenyewe liko hivyo, walijibu bila taabu. Tena walipomimina maji kwa mikono yao wenyewe, majibu sahihi yaliongezeka sana.

Hapa Mswahili atakumbuka kitendawili. Huko nako muulizaji analijua jibu, na mtoto anajua kwamba linajulikana. Lakini kuna mwito na kiitikio, ‘Kitendawili!’ – ‘Tega!’, vinavyotangaza kwamba sasa tunapimana akili. Mpimaji huuliza bila kutega, kisha hushangaa mtoto akitafuta maana nyingine ya swali.

Kasoro hii haiishii katika umri wa kati. Piaget alimpima mchanga kwa kuangalia kama mikono yake itatafuta kitu kilichofichwa. Mwaka 1985 Baillargeon na wenzake walipima muda wa kutazama, wakaona dalili kwamba mtoto wa miezi 5 tayari hutarajia kitu kilichofichwa kiendelee kuwapo. Kwa upande wa vijana, Piaget mwenyewe alikubali mwaka 1972 kwamba matokeo yake ya awali yalitokana na wanafunzi wa shule bora za Geneva, na kwamba seremala au fundi mitambo aweza kuonyesha mantiki hiyo ya juu katika kazi aijuayo.

Hata hivyo, mchango wa Piaget haufutiki: ni yeye aliyetufunza kuliheshimu kosa la mtoto kama dalili ya namna anavyofikiri. Lakini kosa haliwezi kufasiriwa kabla ya swali lenyewe kuchunguzwa. Kutafsiri kipimo neno kwa neno, kukipeleka darasani, kisha kutangaza kwamba watoto wa kijiji fulani wamechelewa kiakili, ni kuwahukumu kwa shauri wasilolisikia. Kazi ya kuchunguza maswali hayo haiwezi kuachiwa wanasaikolojia peke yao. Ni yetu sisi wanafunzi wa lugha.