TULIKWENDA NA RAFIKI YANGU
Mwenzi wa safari katika "Lands of Lost Borders" ya Kate Harris

Katika semina moja ya muhula uliopita tuliulizwa swali ambalo darasa zima tulilicheka: mtu akisema "Tulikwenda Namanga na rafiki yangu", wamekwenda watu wangapi? Mswahili hajiulizi. Ni wawili. Kiambishi "tu-" kimeshamchukua rafiki kabla hajatajwa, na anapotajwa ni kwa kumtambulisha tu. Mgeni anayejifunza lugha ndiye anayehesabu watatu. Nilicheka kama wenzangu, lakini swali hilo lilinirudia nilipokuwa nasoma kitabu cha Kate Harris wa Kanada, kilichotoka mwaka 2018, nami naomba nilitumie hapa kama kipimo.

Kwa ambao hawajakisoma, hadithi yenyewe ni hii. Harris na Mel, rafiki yake tangu utotoni, wanaondoka Istanbul mwaka 2011 kwa baiskeli, wanafuata Njia ya Hariri ya kale kuelekea mashariki: Uturuki, nchi za Kaukazi, Asia ya Kati, Tibet, Nepali, mpaka Leh kaskazini mwa India. Ni miezi kama 10 na kilometa kama 10,000, na kulala kwao zaidi ni hemani. Iko pia safari yao ya awali ya mwaka 2006 magharibi mwa Uchina, ambapo walipenya kizuizi cha kuingilia Tibet gizani, bila kibali. Mwandishi ni msomi wa Oxford na MIT ambaye tangu utoto ndoto yake ilikuwa kwenda sayari ya Mirihi. Aliposhindwa kuvumilia maabara ndipo akapanda baiskeli.

Kuhusu dhamira ya mipaka sitakawia. Imeshasemwa sana, na mwandishi mwenyewe anaitangaza tangu kwenye jina la kitabu. Niseme tu kwamba kuidharau mipaka ni rahisi zaidi kwa mwenye pasipoti ya Kanada kuliko kwa yetu sisi. Harris analijua hilo wala hafichi. Tumpe haki yake.

Linalonisumbua mimi ni Mel. Katika uhakiki wetu tumezoea kugawa wahusika: bapa, duara na shinda. Nimejaribu kumweka Mel kila kikapu na kila kimoja hakimtoshi. Bapa siye, maana ana utani wake na ana busara ya kumtuliza mwenzake. Duara siye, maana hatuoni akibadilika, na hatuambiwi kwa nini mtu mzima aache shughuli zake miezi kumi akapigwe na baridi. Labda ni shinda basi, kama mtungi usiojaa wala usio mtupu. Lakini mhusika shinda ni yule anayemtegemea mhusika mkuu ili apate kusimama, na katika hema ya watu wawili nani anamtegemea nani? Mmoja akishika nguzo mwingine anapigilia mambo. Mmoja akibeba jiko mwingine anabeba chakula. Upepo ukiwa wa mbele, mmoja anatangulia ili mwingine apumue nyuma ya mgongo wake. Kwa kazi wako sawasawa, ila kalamu ni moja.

Nayo kalamu hiyo inapenda kutanga. Kila njia inaponyooka, Harris anaondoka barabarani na kwenda kuzungumza na Marco Polo, au Darwin, au wale ndugu wawili Wright walioanza na karakana ya baiskeli kabla ya kurusha ndege. Anazungumza vizuri, sikatai. Lugha yake ni ya kishairi, wakati mwingine imejaa tashbiha mpaka msomaji anatamani aya moja kavu. Lakini ona matokeo: wafu wa maktabani wanapewa kurasa, na aliye hai, anayekoroma umbali wa shubiri moja, anapewa sentensi. Msimulizi anasema "sisi" wakati wa kupanda mlima na "mimi" wakati wa kufikiri. Eti Mel yeye hakufikiri chochote kule Pamir?

Kuna mwenzangu darasani aliyenipinga kwa nguvu. Alisema usimulizi wa nafsi ya kwanza ni mali ya msimulizi, asiyetaka aandike chake. Hoja hiyo ingenitosha kama isingekuwa Salim bin Abakari. Huyu alikuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, akafuatana naye mpaka Siberia mwishoni mwa karne ya 19, na masimulizi yake kwa Kiswahili yakatoka mwaka 1901 katika "Safari za Wasuaheli" iliyohaririwa na Velten. Katika safari za namna ile ilizoeleka bwana aandike na mtumishi abaki "boi wangu" asiye na jina. Hapa mambo yamepinduka. Aliye nyuma ndiye anayeona na kushangaa, na safari inaitwa yake. Aliyeshika kalamu ndiye mwenye safari, hata kama nauli imelipwa na mwingine. Ndiyo maana nadai kuwa suala la nani anasimulia haliishii kwenye fani. Ni suala la mali, na rafiki anaweza kunyang'anywa mali kama mtumishi, tena bila ugomvi.

Kitabu kinapata nguvu, kwa maoni yangu, pale ambapo mwandishi hana nafasi ya kutanga. Tukio la kupenya kizuizi mwaka 2006 ni mfano mzuri. Gizani, pumzi zimebanwa, huwezi kumfikiria Darwin. Yuko mwenzako tu na kelele ya mnyororo. Hapo "sisi" ya Harris inakuwa "tu-" ya kwetu, wawili ndani ya kiambishi kimoja. Ningetamani kurasa za namna hiyo ziwe nyingi zaidi, na ningetamani hata mara moja Mel akanushe, aseme haikuwa hivyo.

Sasa nikiri kwa nini naandika kwa uchungu. Likizo iliyopita mimi na mwenzangu wa chumbani tulitoka Arusha kwa baiskeli mpaka Kajiado, Kenya, siku tatu, na hema ya kuazima na pampu moja. Nilikuwa na daftari. Tuliporudi nilimpa asome, nikitegemea sifa. Alisoma kimya mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi nilikuwa wapi?" Nikamwonyesha jina lake: limo mara sita. Akahesabu. Mara nne ni pancha.

Mhariri wa jarida hili ameniomba daftari hilo tulichape toleo lijalo. Nimemwambia asubiri. Liko kwa mwenzangu tangu wiki iliyopita, na kila nikipita mezani kwake naona ameongeza kitu pembeni kwa wino mwekundu. Ukurasa wa Longido, pale nilipoandika "nililala mapema kwa uchovu", yeye ameandika: "Ulilia. Nikakupikia chai."