Majina Mageni Katika Somo

Siku ya Pentekoste, katika parokia moja, katekista muzee alisimama kusoma somo la kwanza. Wasomaji wetu wanajua ni somo gani: Matendo ya Mitume, sura ya 2, pale Luka anapohesabu mataifa waliokusanyika Yeruzalemu: Waparti, Wamedi, Waelami, watu wa Mezopotamia, wa Kapadokia, wa Ponto, wa Frigia, wa Pamfilia. Muzee alisoma polepole, akajikwaa mara mbili, akafika mwisho. Misa ilipokwisha, fratri mmoja akamwambia katika sakristia, mbele ya watoto wa altare, kwamba majina yale hayatamkwi hivyo. Watoto wakacheka. Tangu siku ile muzee hasomi tena.

Tulizungumza juu ya jambo hili na wenzetu mapadri, tukaona mafikiri yao yanaachana sana. Wengine wanasema: majina ya Maandiko yatamkwe kwa Kilatini cha Roma, maana ndicho kinywa cha Kanisa. Wengine wanatamka kama katika Kifaransa cha masomo, na kwao Efeso ni «Efezi», Korinto ni «Korenti». Wengine tena, waliofundishwa Kigiriki na Kiebrania kidogo (kidogo sana, tuseme kweli), wanataka turudi kwenye chemchemi. Kila mumoja anamwona mwenzake kuwa mujinga. Na mutu aliyepata hasara katika shindano hilo ni yule ambaye hakushindana na mutu.

Tuanze na Kilatini cha Roma. Ni kweli kwamba Papa Pio X, katika barua ya tarehe 10 Julai 1912 kwa Askofu Mukuu Dubois wa Bourges, alisifu kazi ya kuingiza utamkaji wa Roma katika Ufaransa. Wafaransa walikuwa wanaimba Kilatini kwa kinywa chao: «Dominum» ilikuwa «Dominom», «caelum» ilikuwa «selom», pahali ambapo Roma inasema «chelum». Lakini Papa alikuwa anasema juu ya Kilatini na uimbaji wake. Kutoka hapo mpaka kumulazimisha musomaji wa Kiswahili atamke «Cilicia» kwa namna ya Roma, yaani «Chilichia», kuna safari ndefu. Na Roma yenyewe si chemchemi. Cicero hakujiita «Chichero». Wanafunzi wa mambo ya kale wanakubali kwamba alijiita «Kikero», na Erasmus aliandika kitabu kizima juu ya utamkaji wa Kilatini na Kigiriki katika mwaka 1528. Waalimu wetu wa kwanza, waliotoka Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi au Italia, kila mumoja alileta Kilatini cha kwao. Wazee wetu walijifunza kwao wote, na Misa zao zilikuwa Misa.

Wale wa chemchemi tunawaheshimu zaidi, lakini tunawauliza jambo moja. Kila mara tunapoimba «Kyrie eleison», tunaimba Kigiriki. Waatene wa zamani wangetamka neno hilo la pili kwa «e» ndefu katikati. Roma ililipokea kutoka kinywa cha Wagiriki wa nyakati za nyuma, ambao «e» ile ilikuwa imekwisha kugeuka «i» kwao. Je, tuanze kuimba «eleeson»? Hata jina lenyewe tunalolisujudia limepita katika vinywa vingi: Yeshua kwa Waebrania, Iesous kwa Wagiriki, Iesus kwa Walatini, Yezu kwetu, Yesu kwa ndugu zetu wengine. Hakuna mutu anayefikiri kwamba Mwokozi hasikii akiitwa hivyo.

Mutu atatukatalia: basi kila mutu asome anavyopenda? Hapana. Kuna makosa mazito na kuna makosa mepesi, na Kanisa lilikwisha kuyatenganisha zamani. Katika mwaka 746, Papa Zakaria alimwandikia Mutakatifu Bonifasi juu ya padri mumoja wa Bavaria asiyejua Kilatini vizuri, aliyekuwa akibatiza «in nomine patria et filia». Bonifasi alikuwa ameagiza watu wale wabatizwe tena. Papa akakataa: padri hakuleta uzushi, alikosa luga tu. Mutakatifu Tomaso wa Akwino anashika mufano kama huo katika Summa, sehemu ya 3, swali la 60. Anafundisha kwamba neno likiharibika kwa kuteleza kwa ulimi, tuangalie kama maana imekufa. Anaongeza kwamba kosa la mwanzo wa neno ni la hatari zaidi kuliko kosa la mwisho wake: anayesema «matris» pahali pa «patris» ameharibu yote.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu Tomaso alikuwa anafikiri juu ya Kilatini, ambacho kinageuza mikia ya maneno. Luga zetu zinageuza vichwa. Kwetu kanuni yake inapata nguvu mara mbili. Sema «miungu» pahali pa «Mungu»: kwa silabi moja ya mbele umetoka katika Kredo. Na si kichwa tu. Tumesikia kwa masikio yetu wahubiri wenye diploma wakisema kwamba Mungu «aliomba» mbingu na dunia, maana kinywa chao hakitenganishi «o» na «u». Mungu alimwomba nani? Hakuna fratri aliyewafuata sakristia. Bali aliyekosa Frigia, inchi ambayo hakuna mukristu wa parokia ile anayeijua wala kuitafuta, huyo alichekwa. Ndiyo sababu tunasema kwamba mizani yetu imepinduka.

Mutakatifu Agustino, aliyekuwa askofu hapa Afrika, katika Hippo, aliyaona hayo mbele yetu. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo analalamikia watu wa masomo wanaoogopa kuangusha «h» ya neno «homo» kuliko kumuchukia mutu mwenyewe. Katika Mafundisho ya Kikristu anasema juu ya neno «os». Likiwa na «o» fupi ni mufupa, likiwa na «o» ndefu ni kinywa, na masikio ya Waafrika wa wakati ule hayakusikia tofauti. Basi, asema, mwalimu asione haya kutumia «ossum», neno la watu wasiosoma, ili wasikilizaji wafahamu ni mufupa. Na katika kitabu chake juu ya kuwafundisha wanaoanza dini, anawaonya wasomi wasiwacheke maaskofu na watumishi wanaokosa luga wakiomba. Yeye alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa askofu!

Hatusemi haya ili kuwapa wavivu pahali pa kulala. Kuna wasomaji wanaofika katikati ya orodha, wanaogopa, wanasema «na wengine», na kuruka. Hilo ni baya kuliko kutamka vibaya. Mababu wa Bwana katika Matayo, sura ya 1, wanaosomwa tarehe 17 Desemba, ni watu, na mutu haachwi nje kwa sababu jina lake ni gumu. Sisi wenyewe tunajua uchungu wake: wenzetu wanaotumika Ulaya wanaitwa kwa jina la ubatizo tu, kwa sababu mukristu wa kule ameshindwa na «Nk» au «Ng» ya jina la baba.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Jina litamkwe kama lilivyoandikwa katika kitabu cha masomo cha Kiswahili, kila silabi na vokali yake, na uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu yote: Pamfilía, Kapadokía. Padri asome somo pamoja na musomaji Jumamosi, si kumungojea kwenye sakristia Jumapili. Na kama kuna kosa la kuonya, litazamwe kwanza kama maana imekufa. Ikiwa imekufa, aonywe peke yake, hata akiwa padri. Ikiwa haikufa, anyamaziwe.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia watu waliosimama kwenye vivuko vya Yordani na kumuuliza kila mupita njia aseme «Shiboleti». Aliyesema «Siboleti» aliuawa, na waliokufa walikuwa elfu 42. Katika inchi yetu hatuhitaji kufasiriwa sana namna matamshi ya mutu yanavyoweza kumufanya mugeni au adui.

Muzee katekista tulimutembelea. Hakumulaumu fratri. Alituuliza tu kama neno «Waelami» lina silabi tatu au nne. Tukahesabu pamoja naye kwa vidole: nne.