Amerikani Iliyokazwa

Picha nyingi za mtindo wa Tingatinga zinazouzwa leo Dar es Salaam zimechorwa juu ya kitambaa cha pamba cha bei nafuu, amerikani ileile inayokatwa kwa mita madukani kwa ajili ya mifuko, foronya na sanda. Wateja wengi huangalia twiga na chui, husifu rangi, hulipa na kwenda zao. Mimi huomba kwanza niigeuze picha. Mgongoni ndiko kunakoonekana kama fundi alikuwa na subira: misumari imepangwaje, pembe zimekunjwaje, mbao imepigwa randa au imeachwa na miba yake. Picha iliyotulia mgongoni ni nadra kuwa mbaya usoni.

Nayasema haya kwa sababu sanaa hii ya ukutani inaweza kutengenezwa nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana mtaa wowote wenye seremala na duka la vifaa vya ujenzi. Tena sehemu kubwa ya utaalamu wake haihitaji hata kipaji cha kuchora. Inahitaji mkono usio na pupa.

Fremu kwanza. Seremala hakosi vipande vya mbao vilivyobaki baada ya kutengeneza kitanda au kabati, na vinne vyembamba vinatosha. Viwe vimekauka, maana mbao mbichi hupinda polepole, na baada ya miezi kadhaa picha huanza kunyanyua pembe moja kutoka ukutani. Vikishaunganishwa, hupimwa kwa kamba kutoka kona hadi kona inayoikabili, mara mbili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa sawa. Kisha kuna jambo ambalo wenye haraka huliruka: upande wa mbele wa mbao hupigwa randa uteremke kidogo kuelekea katikati, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Usipofanya hivyo, kila brashi ikipita, ukingo wa ndani wa mbao hujichora kwenye rangi, na mstari huo hautoki tena.

Amerikani hukatwa ikizidi fremu kwa upana wa kiganja kila upande. Msumari wa kwanza hupigwa katikati ya upande mmoja, wa pili katikati ya upande unaoukabili, kitambaa kikiwa kimevutwa, halafu katikati ya pande mbili zilizobaki. Kutoka hapo kazi husogea kidogo kidogo kuelekea pembeni, msumari mmoja huku, mmoja kule. Anayeanzia kona moja na kuzunguka fremu nzima huishia na mkunjo mrefu wa mshazari ambao hakuna rangi itakayouficha. Pembe ndizo ninazozipenda zaidi. Kitambaa huingizwa ndani, kikalazwa bapa, mkunjo ukaelekezwa upande wa juu au wa chini wa fremu, asiuone anayepita ubavuni. Kazi ikiwa nzuri, ukikigonga kwa kidole kitaitika kama ngoma iliyooteshwa moto.

Bado hakijafaa kuchorwa. Pamba hunywa, na rangi ya mafuta ikiingia moja kwa moja kwenye nyuzi huzichosha mwaka hadi mwaka mpaka zinakakamaa na kukatika. Kwa hiyo hutangulia rangi nyeupe ya maji, hiyohiyo ya kupaka kuta, iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Masalio ya kopo la nyumba iliyopakwa karibuni yanatosha. Mkono wa kwanza huwa mwepesi, brashi ikisukumwa hadi ndani ya matundu ya ufumaji. Maji yakikauka pamba hujivuta, na kitambaa hukaza kuliko vidole vilivyokikaza. Hupitishwa msasa laini kung'oa vinyweleo, kisha mkono wa pili hupakwa ukikatisha ule wa kwanza. Pitisha kiganja juu yake: penye kokoto hata moja, urudie msasa. Rangi itakayofuata inang'aa, na mng'ao huanika kila kibonge.

Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, ambaye mtindo huu unaitwa kwa jina lake, hakuanzia kwenye kitambaa. Alikuwa mtu wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, na alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi vya mraba, karibu sentimita 60 kwa 60, na rangi za makopo za kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake wachache, Simon Mpata akiwa mmoja wao, walibaki na njia yake ya kufanya kazi, na njia hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa ushirika wa wachoraji mahali palepale. Hadibodi ni nzito na huvunjika pembe safarini. Kitambaa hung'olewa misumari, kikaviringishwa na kupanda ndege na mwenyewe. Waliohamia kwenye amerikani waliacha ubao, lakini kopo la rangi hawakuliacha.

Na kopo hilo lina tabia zake. Rangi yake ni nzito na hujisawazisha yenyewe. Michirizi ya brashi hupotea huku unaitazama. Ndiyo maana picha hulazwa chali ikikauka, kwani ikisimamishwa rangi hutiririka. Ikishaanza kushika ngozi haitaki kuguswa: ukiirudia, inavutika na kuacha kovu. Hivyo kila tabaka lina zamu yake. Usuli hupakwa wa kwanza, njano ikiingia kwenye machungwa, machungwa kwenye nyekundu, zote zikiwa mbichi, brashi pana ikienda na kurudi mpaka usijue rangi moja imeishia wapi. Hapo tu ndipo kazi inapotaka haraka, na fundi mzuri huimaliza bila kuinua kichwa. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kuiweka mbali na vumbi. Kesho yake, au keshokutwa kama ni masika na hewa imejaa unyevu, mnyama huingia akiwa umbo tupu la rangi moja, hana jicho wala doa. Akikauka ndipo anapambwa.

Nathubutu kusema kwamba mtindo mzima, yale maumbo bapa yenye mipaka iliyo wazi na madoa juu ya madoa, umetokana na rangi hiyo ya baiskeli. Rangi inayokauka kwa siku nyingi humruhusu mchoraji kuchezea kivuli na mwanga. Hii haimruhusu, kwa hiyo yeye huujenga mwili wa mnyama kwa mpangilio.

Mwangalie fundi akichora kanga, yule ndege. Rangi nyeupe huzimuliwa kwa tina kidogo sana na kujaribiwa kwenye kipande cha kadibodi. Ikiwa nzito, doa huvuta mkia brashi inaponyanyuliwa. Ikiwa nyepesi, doa hutanuka na kupoteza duara. Ikishakubali, brashi nyembamba husimamishwa wima, inagusa, inanyanyuka, inagusa, inanyanyuka. Madoa ya kifuani huwa makubwa na yameachana. Yakielekea shingoni na miguuni hupungua na kusongana, na ghafla ndege aliyekuwa bapa anajaa, ana kifua cha kushikika, ingawa hakuna kivuli hata kimoja kilichopakwa. Fundi haweki alama za penseli. Jicho lake linapima nafasi ya doa lijalo wakati mkono ungali kwenye hili. Ningeweza kukaa mchana kutwa nikiitazama kazi hiyo moja tu.

Anayetaka kuanza nyumbani asinunue rangi nyingi. Makopo madogo kabisa ya nyeusi, nyeupe, njano, nyekundu na buluu yanamtosha, tena buluu ni kwa ajili ya uso wa kanga peke yake. Fedha anayookoa kwenye mbao na kitambaa aiweke kwenye brashi, maana brashi hafifu hunyonyoka na unywele ukinaswa kwenye rangi hiyo hautoki bila kuharibu usuli. Na aanze na kanga, aachane na chui kwanza. Kila doa la chui ni pete iliyokatika, ina rangi yake ya ndani, na pete moja ikienda mrama huonekana ng'ambo ya chumba. Kwa kanga, doa lililokosea huongezewa jingine kando yake, kazi ikaendelea.