Himaya ya Nani? Neno Schutzgebiet na Tafsiri Yake

Neno la Kijerumani Schutzgebiet lina sehemu mbili: Schutz, yaani ulinzi au hifadhi, na Gebiet, yaani eneo. Siku hizi hutumika zaidi kwa maeneo ya kuhifadhi mazingira. Msitu wa Masako ulio karibu na Kisangani, uliotengwa mwaka 1953, ungeweza kuitwa hivyo kwa Kijerumani. Hata hivyo, neno hilohilo lilikuwa jina rasmi la makoloni ya Ujerumani, Afrika ya Mashariki ikiwa mojawapo. Mfasiri anayeandika "eneo la hifadhi" katika hati za karne ya 19 huwa ametafsiri viungo vya neno na kuacha maana yake.

Maana hiyo haina budi kutafutwa katika historia. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters aliwafanya watawala wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami watie saini mikataba. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa Schutzbrief, yaani barua ya ulinzi. Kitenzi "kulinda" kinadai mtendwa: ni nani aliyelindwa? Barua ile ililinda shirika la Peters na madai yake. Wenyeji hawakuwa walindwa. Bismarck naye alitaka wafanyabiashara waendeshe nchi hizo kwa gharama zao, na neno Schutzgebiet lilimwepusha na lile zito la Kolonie.

Mpango huo haukudumu. Baada ya upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, serikali ya Ujerumani ilishika utawala yenyewe mwaka 1891. Jeshi lililokomesha upinzani huo likapewa jina la Schutztruppe, jeshi la ulinzi. Ndilo lililopigana na wananchi katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambamo makumi ya maelfu walikufa kwa silaha na kwa njaa.

Je, litafsiriwe vipi? "Koloni" husema ukweli wa mambo, lakini hufuta hila iliyomo katika jina. "Eneo la hifadhi" huirudia hila hiyo kana kwamba ni ukweli. Linalofaa zaidi ni "himaya". Asili yake ya Kiarabu ni ulinzi, nalo katika Kiswahili limefikia maana ya milki na dola. Limepita njia ileile ya neno la Kijerumani, kwa hiyo humwonyesha msomaji sura zote mbili kwa pamoja.

Suala hili haliwahusu wanafunzi wa Kijerumani peke yao. Mwaka huohuo wa 1885 Kongo ilitangazwa kuwa "Dola Huru", na uhuru huo ulikuwa wa Leopold II kutenda apendavyo, si wa Wakongo. Mfasiri wa hati za ukoloni anapokutana na ulinzi, uhuru au hifadhi, kazi yake ya kwanza ni kumtafuta mtendwa. Asipomtaja, tafsiri yake itaendelea kumtumikia aliyelibuni jina.