Askari Aliyejiandika

Msomaji, ukikifungua kitabu cha Winston Churchill kiitwacho My Early Life, kilichopigwa chapa mwaka 1930, utacheka mapema. Mwandishi alizaliwa mwaka 1874 katika jumba la Blenheim, mjukuu wa Duke wa Marlborough. Walakini shuleni Harrow aliwekwa katika darasa la wazito, na Kilatini hakikumwingia. Kwa kukaa huko muda mrefu alifundishwa Kiingereza kuliko wenzake, sentensi baada ya sentensi. Mtihani wa kuingia Sandhurst, chuo cha maofisa, alishinda mara ya tatu. Mimi mwalimu nazipenda kurasa hizi, lakini nakuonya: mtoto wa mkulima asingalingojewa hivyo.

Churchill mwenyewe hafichi jambo hilo. Mwaka 1898 alipotaka kwenda vitani Sudan, Jemadari Kitchener alimkataa. Mama yake akawaendea wakubwa, hata Waziri Mkuu Salisbury akamsemea, na mwisho kijana akaenda. Tarehe 2 Septemba, huko Omdurman, alishambulia juu ya farasi pamoja na kikosi cha 21st Lancers, bastola mkononi badala ya upanga, maana bega lake liliteguka Bara Hindi. Masimulizi yake hapa yana mbio na vumbi la kwato. Hata asiyependa vita hawezi kukiweka kitabu chini.

Sasa wahesabu waliokufa. Kikosi chake kilipoteza watu 21. Wasudani waliouawa siku ile walikuwa kadiri ya 10,000, wengi wakiangushwa na mizinga na bunduki za Maxim kabla ya kumfikia adui.

Je, Churchill hakuwaona? Aliwaona. Katika The River War, kitabu chake cha mwaka 1899, alisifu ushujaa wao, akamlaumu Kitchener waziwazi kwa kulivunjia heshima kaburi la Mahdi. Mwaka 1900 watu wa Oldham walimchagua kuwa mjumbe wa Bunge. Mwaka 1902 kitabu kilitoka upya, juzuu moja badala ya mbili, na lawama nyingi zimeondolewa. Huenda ilitakiwa bei nafuu. Mimi nadhani luteni hakuwa na kiti cha kupoteza, na mjumbe alikuwa nacho. Lakini usiniamini mimi. Ukibahatika kuyapata matoleo yote mawili, yaweke mezani pamoja, uyafungue penye habari za kaburi lile.